Anayevaa Kosplei Anamkimbia Nani?

Mama aliponiona nikiingia wodini jioni ile, hakuuliza nilikuwa wapi. Aliuliza, "Nani amekufa?" Wagonjwa waligeuka kunitazama, na ndugu zao waliokuwa wakiwauguza pia. Kwetu, upande wa Busia mpakani na Kenya, mwanamke akionekana ghafla amenyoa kichwa chote, watu hufikiria msiba kabla ya kufikiria kitu kingine. Nami nilikuwa nimenyoa mpaka ngozi inang'aa, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuwa Ayo.

Ayo ni mmoja wa walinzi wa mfalme katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Aliyemwigiza ni Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani, na kila aliyeniuliza kwa nini sikumchagua Okoye, ambaye ni maarufu zaidi, nilimjibu kwamba namwakilisha binti wa nyumbani. Walinzi hao huvaa mavazi mekundu, shanga kifuani na pete shingoni, hushika mikuki, na vichwa vyao huwa vipara. Siku ile, kwa muda wa saa sita, katika ukumbi wa kukodi hapa Kampala, nilikuwa mlinzi wa mfalme. Mdogo wangu wa miaka 16, ambaye ana selimundu tangu kuzaliwa, alikuwa amelazwa upande wa pili wa mji.

Usiku huo, tulipokuwa tumekaa mkekani kando ya kitanda chake, Mama aliniuliza swali la pili: "Ulikuwa unamkimbia nani?" Insha hii ni jaribio la kulijibu. Naomba msomaji aangalie kwamba hakuuliza "unakimbia nini", kama wanavyouliza wengi wanaoandika juu ya michezo hii. Aliuliza "nani". Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko lile la kawaida.

Kwa asiyelijua neno, kosplei ni kuvaa mavazi ya mhusika wa filamu, katuni, kitabu au mchezo wa kompyuta, na kwa muda kusimama, kutembea na hata kuzungumza kama yeye. Neno lenyewe lilitungwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Nobuyuki Takahashi, kwa kukata maneno mawili ya Kiingereza na kuunga vipande vyake. Jambo linalotajwa ni la zamani kuliko neno. Mwezi wa Julai 1939, wapenzi wa hadithi za kisayansi wapatao 200 walikutana New York. Wawili kati yao, Myrtle Douglas na Forrest Ackerman, walikuja wamevaa kama watu wa karne zijazo. Mavazi yote alishona Douglas, ingawa kwa miaka mingi sifa zilimwendea zaidi Ackerman. Hilo halitamshangaza mwanamke yeyote anayesoma hapa. Miezi miwili baadaye Vita Kuu ya Pili vilianza.

Ni rahisi kuwacheka watu wale wawili. Ulimwengu unakaribia kuungua, wao wamevaa majoho ya wakati ujao. Hata hivyo, anayewacheka ana wajibu wa kutueleza walipaswa kufanya nini badala yake wikendi ile. Mwanamke wa Los Angeles mwenye cherehani angewazuiaje majenerali wa Ulaya? Vita vilipoifikia Marekani, Ackerman aliingia jeshini kama wengine. Lile joho halikumzuia.

Watu husema kwamba wanaovaa kosplei wamechoshwa na maisha, hivyo wanatafuta mahali pa kusahau. Upande wangu, kazi ile haikunisahaulisha kitu. Kwa wiki sita nilikata mikeka ya mazoezi kwa wembe ili nipate mabamba ya vazi la vita, nikayapasha moto yapinde, nikayabandika kwa gundi iliyonipa kichwa kuuma, nikapaka rangi mara nne. Shanga nilizinunua kwa madebe madogo sokoni na kuzitunga moja moja. Mkuki ulikuwa bomba la plastiki. Kama ningetaka kusahau tu, ningelala, au ningekwenda kwenye kibanda cha video nikamsikiliza mfasiri akiipa filamu maneno ambayo haikuwa nayo. Njia hizo ni rahisi na hazidai wembe.

Nadhani jambo linalotafutwa zaidi ni kuonekana. Katika ukumbi wetu wa mihadhara tunakaa wanafunzi wengi kiasi kwamba mhadhiri akinikuta sokoni hanijui. Katika vazi jekundu niliombwa picha na watu nisiowajua, na kila mmoja alitazama mshono na kuniuliza niliufanyaje. Siku ile nilimwona kijana mmoja mwenye kigugumizi aliyevaa kama nahodha wa meli katika katuni ya Kijapani. Alitoa amri kwa sauti ya nahodha karibu saa nzima, na hakukwama. Alipokuwa akikunja vazi lake kurudi nyumbani, kigugumizi kilikuwa kimerudi. Niambie, mwenzangu, huyu alikimbia nini? Kama ni kigugumizi, nani atamlaumu?

Wala sisi Afrika Mashariki si wageni katika jambo hili. Kuanzia miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma ya beni. Walivaa kama maofisa wa Kizungu, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakapiga gwaride nyuma ya bendi yao. Ngoma hiyo ilisambaa hadi Tanganyika, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana mji kwa mji. Wapo waliosema kwamba watu wale waliwaiga mabwana wao kwa kutojithamini. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha kwamba beni iliendeleza mashindano ya ngoma yaliyokuwapo pwani kabla ya wakoloni, na kwamba wenye vyeo vile walitafuta heshima mbele ya watu wa mtaa wao. Mchukuzi wa bandarini angeweza kuwa jenerali siku ya ngoma. Kesho yake alirudi kubeba magunia, lakini mtaa mzima ulimjua kwa cheo chake.

Hata hivyo, kusema kwamba wavaaji hutafuta kuonekana hakuondoi shtaka la kukimbia. Mtu anaweza kukimbilia mahali anapoonekana kwa sababu anakimbia mahali anapohitajika. Kwa hiyo ni lazima tulichunguze neno lenyewe.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wengi tunayatumia bila kufikiri: mkimbizi na mtoro. Wote wawili wamekimbia. Mkimbizi tunampokea, Uganda imepokea zaidi ya milioni moja, na baadhi yao ni wenzetu wa darasani. Mtoro tunamtafuta ili arudishwe, awe ni mwanafunzi aliyeruka ua wa shule au askari aliyetoroka kambini. J. R. R. Tolkien, katika mhadhara wake juu ya hadithi za kimaajabu alioutoa Scotland mwaka huohuo wa 1939 na kuuchapisha kwa upana zaidi mwaka 1947, aliwalaumu wahakiki kwa kuchanganya kutoroka kwa mfungwa na kutoroka kwa askari aliyewaacha wenzake. Mfungwa anayefikiria nyumbani, badala ya kufikiria kuta na walinzi tu, hana kosa. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuielewa hoja hiyo haraka, kwa kuwa lugha yake imekwisha kuitenga kwa majina.

Ila lugha hiyohiyo inatutahadharisha. Katika karne ya 19, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani waliitwa watoro. Walikuwa na makazi yao Fuladoyo, ndani kidogo kutoka pwani ya Kenya, na wengine walijificha katika vituo vya misheni kama Rabai. Tarehe 1 Januari 1889, katika vituo hivyo, watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa fidia mabwana. Basi mtu alilala mtoro tarehe 31 Desemba, akaamka mwungwana, bila kusogea hatua moja kutoka kitandani kwake. Miguu yake haikubadili kitu. Kilichobadilika ni kwamba bwana hakuwa tena na dai juu yake. Na sisi tunaosoma leo tunajua kwamba bwana hakuwa na dai la haki hata siku moja kabla ya hapo. "Mtoro" lilikuwa neno la mwenye shamba.

Hapa ndipo ninapoona ubora wa swali la Mama. Ukimuuliza mtu anakimbia nini, atakujibu: uchovu, umaskini, kigugumizi, kampala yenye foleni na vumbi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomdai mtu. Kigugumizi hakiwezi kusema, "Umeniacha." Ukimuuliza anamkimbia nani, unamtaka aangalie kama kuna mtu mwenye haki ya kumngoja. Kama hayupo, basi avae anachotaka, kwa saa anazotaka, na tunaomtazama tukae kimya. Kama yupo, vazi halina kosa hata hapo. Kosa ni kwa yule aliyengojwa.

Yi-Fu Tuan, mwanajiografia aliyezaliwa China na kufundisha Marekani, aliandika kitabu kizima juu ya kukimbia mwaka 1998. Hoja yake ni kwamba utamaduni wote wa binadamu ni kukimbia: nyumba ni kuikimbia mvua, kilimo ni kuikimbia bahati ya mwitu, na hata mazishi yetu yenye utaratibu ni namna ya kutouangalia mwili moja kwa moja. Nilikisoma kwa furaha, kwa maana kilinipa ruhusa. Baadaye furaha ilipungua. Kama kila kitu ni kukimbia, basi hakuna ninachoweza kulaumiwa nacho, na mimi nilijua moyoni kwamba kulikuwa na kitu.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Mama hajui Kiluganda, na Kiingereza chake ni cha salamu. Anasema Kisamia, na Kiswahili cha mpakani, kile cha kununua na kuuza. Kampala Kiswahili bado kinabeba sifa mbaya ya kambi za jeshi. Ni lugha rasmi kwa mujibu wa katiba tangu 2005, lakini ukimsalimia mtu nacho anaweza kukuangalia kama unaficha bunduki. Kwa hiyo mdogo wangu anapolazwa, mimi ndiye ninayemfasiria Mama maneno ya daktari, na daktari maneno ya Mama. Nimefanya kazi hiyo tangu nikiwa na miaka minane.

Jumamosi ile mdogo wangu alikuwa na nafuu. Yeye ndiye aliyenisaidia kutunga shanga nyumbani, wiki kadhaa kabla maumivu hayajamrudia. Asubuhi aliniambia, "Nenda, dada. Uniletee picha." Nikafunga kitambaa kichwani ili Mama asione nilichofanya Ijumaa usiku, nikaaga, nikaenda. Ukumbini kulikuwa na chumba cha kubadilishia nguo. Nimesoma kwamba katika tamasha kubwa la katuni la Tokyo, Comiket, lililoanza mwaka 1975, hairuhusiwi kuja wala kuondoka ukiwa umevaa kosplei. Unabadili ndani na unabadili tena kabla ya kutoka. Naipenda kanuni ile. Inasema kwamba mahali hapa pana mlango, na unaoingia nao ndio wa kutokea. Niliacha mkoba wangu katika chumba kile, chini ya benchi, na simu ilikuwa ndani ya mkoba. Vazi la Ayo halina mfuko.

Saa nane mchana maumivu yalimpanda mdogo wangu ghafla, akashindwa kupumua vizuri. Daktari alikuja na maswali na karatasi ya kutia sahihi. Mama alinipigia mara 11. Aliyemwokoa ni mwanamke wa kitanda cha jirani, mjane wa askari, aliyejifunza Kiswahili katika miaka yake ya kambini. Alisimama katikati ya Mama na daktari akafasiri kila neno, taratibu, mpaka Mama akaelewa kwamba mwanawe anahitaji damu na akaweka kidole gumba kwenye karatasi. Lugha ile ambayo watu wa mji huu wanaionea haya ndiyo iliyofanya kazi yangu nisipokuwapo. Mdogo wangu alipata damu kabla ya magharibi. Nilipoiona simu nilipanda boda boda nikiwa bado na rangi usoni, na kitambaa kilipeperuka njiani. Mengine nimekwisha kuyaeleza.

Alipona, lakini siwezi kuutumia uzima wake kujitetea. Angekufa, kitendo changu kingekuwa kilekile; mimi sikuchangia kitu katika kupona kwake. Pia siwezi kulisingizia vazi. Nilishona pindo kwa mkono, nilitoboa matundu 60 kwenye mabamba ili kupitisha kamba. Mfuko ningeweza kuushona. Niliufikiria hata kuufikiria, chini ya ukanda, upande wa kushoto, nikaamua utaharibu umbo.

Kuna pingamizi nililojiwekea mwenyewe, nalo bado halijanitoka. Mdogo wangu aliniruhusu. Kama kosa ni kwa anayengojwa, na anayengojwa amesema nenda, je, deni halijafutwa? Kwa kweli ningependa iwe hivyo. Lakini mtoto aliyekaa hospitali nusu ya maisha yake hujifunza mapema kuwaruhusu watu waende. Anajua kwamba asipowaruhusu, watabaki kwa uso ambao hataki kuuona. Nilijua ataniruhusu kabla sijamwomba. Ruhusa ninayojua kwamba siwezi kunyimwa ni ruhusa ya namna gani? Upande wa pili, nikisema kwamba ruhusa yake haina thamani, ninamfanya kuwa mgonjwa tu, asiye na neno lake. Na alitaka zile picha. Alizitazama zote usiku ule, mrija wa damu ukiwa mkononi, akanionyesha kwamba pete ya tatu ya shingo nimeivaa juu chini.

Na kuna Mama, ambaye hakuniruhusu kwa sababu sikumwomba.

Nilisema mwanzoni kwamba nilimchagua Ayo kwa kuwa aliyemwigiza ni mzaliwa wa Kampala. Ndivyo nilivyomjibu kila mtu, na nilikuwa naamini. Nilipokuwa naandika insha hii niliitazama filamu tena, nikaona jambo ambalo sikuwa nimelitaja hata kwa nafsi yangu. Ayo haongei sana. Anasimama na mkuki wake, anatazama, na watu wanamwelewa. Hakuna anayemgeukia na kumuuliza, "Amesemaje?" Kwa saa sita hakuna aliyeniuliza amesemaje. Sikuwa mdomo wa mtu yeyote, nilikuwa mwili mmoja uliosimama wima katika nguo nyekundu nilizozishona mwenyewe, na nilipumzika kiasi ambacho sikumbuki kupumzika tangu utotoni.

Basi jibu la swali la Mama lilikuwapo, nalo si mdogo wangu. Nilikuwa namkimbia yeye Mama. Dai lake juu yangu ni la haki. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba mama asiyejua lugha ya daktari hana haki ya kumngoja binti yake. Lakini deni la haki nalo huchosha, na anayelilipa kila siku bila mwisho huanza kuota mahali pasipo na mfuko. Sijui mtu huyo aitwe mtoro au mkimbizi. Ninachojua ni kwamba askari anapopewa likizo, wenzake huambiwa ameondoka na nani anashika lindo lake. Mimi niliondoka bila kumwambia Mama kwamba kwa saa sita hatakuwa na mdomo, na bila kumtafuta yule mjane wa kitanda cha jirani, ambaye alikuwa hapo muda wote, hatua tatu kutoka kwetu, na ambaye ningeweza kumwomba asubuhi kwa sentensi moja.

Usiku ule sikuwa nimefika kwenye mawazo haya. Mama aliponiuliza nilikuwa namkimbia nani, nilisema sijui. Alinyamaza, kisha akavua leso yake begani akanifunga kichwani, kwa kuwa sakafu ilikuwa na baridi, na kwa kuwa watu wa kitanda cha mlangoni, waliofika baada ya magharibi, walikuwa wanamnong'oneza mjane kumuuliza ni nani tuliyefiwa naye.